Matenga Ambayo Hayajafunguliwa
Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge wa Mkoa wa Lindi

Waheshimiwa,



Naandika kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule ambaye mifupa yake iko Berlin. Najua mmemchoka. Swali lake limeulizwa bungeni mara kadhaa, kwa maneno yasiyoachana sana: arudi lini, na kama harudi, sisi watu wa Lindi tunapata nini? Majibu nayo tumeyazoea. Kumsafirisha ni kazi nzito, kumtunza ni gharama, ushirikiano na Wajerumani unaendelea. Mbunge anaketi, linaitwa swali linalofuata, na huku vijiweni tunabishana siku mbili tatu, kisha msimu wa ufuta unafika na kila mtu anashika njia ya shamba. Siandiki kuwalaumu. Naandika kuwaomba mbadili swali.

Kabla ya hapo mniruhusu nimalize la ualimu, maana nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja na tabia haiachi mwili. Yule si mjusi. Mjusi wa ukutani hutembea miguu ikiwa imetanuka ubavuni, tumbo likikaribia kugusa chini. Mnyama wa Tendaguru alisimama juu ya miguu minne iliyonyooka chini ya mwili kama nguzo za msikiti. Ndugu zake walio hai leo ni ndege, na baada yao mamba. Kuku anayeparua uani kwako, Mheshimiwa, yu karibu naye kiukoo kuliko kenge wa mtoni. Lakini neno likishakaa kinywani mwa watu halitolewi kwa chaki. Nitamwita mjusi kama mnavyomwita, na pale nitakapojisahau nitamwita dinosaria.

Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai. Nusu ya kwanza inasema ni twiga jitu, na anayemtazama haoni kosa, kwa sababu miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma na mgongo ukateremka kuelekea mkiani kama wa twiga. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele una urefu wa zaidi ya mita 2. Mtu mzima akisimama kando yake hafiki mwisho. Shingo ilikuwa na pingili 13, na pingili zile hazikuwa mfupa mtupu uliojaa. Zilitobolewa na vyumba vya hewa, kama mifupa ya ndege, na bila hivyo shingo ile isingeinuka. Alikata majani kwa meno yake na kuyameza bila kutafuna. Kazi yote iliyobaki ililiangukia tumbo. Uzito wake wataalamu hawajaafikiana. Makadirio mengi ya siku hizi yanacheza kati ya tani ishirini na kitu na tani 40, yaani ndovu madume kadhaa kwa mpigo. Zamani walidhani mnyama mzito hivyo hawezi kujibeba nchi kavu, wakamweka majini amezama mpaka shingoni, hadi mtu mmoja alipouliza mapafu yake yangevutaje pumzi chini ya mgandamizo wa maji yote yale. Wanafunzi wangu walilipenda sana somo hilo, kwa kuwa linaonyesha kwamba maprofesa nao hukosea, tena kwa miaka mingi.

Aliishi hapa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Nasema hapa, ingawa yeye asingepatambua. Hapakuwa na mkorosho wala mnazi. Hapakuwa na ua hata moja, wala jani la nyasi, kwa sababu mimea hiyo ilikuwa haijatokea duniani. Palikuwa na miti ya jamii ya misonobari, mito iliyomwaga maji kwenye ghuba zenye kina kifupi, na bahari iliyokuja na kurudi. Ndiyo maana ukichimba Tendaguru unakuta tabaka lenye mifupa ya dinosaria, juu yake tabaka lenye makombe ya bahari, kisha mifupa tena. Bahari ilikuja ikakaa, ikaondoka, ikaja tena. Wavuvi wa Lindi hawashangai.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa ikitokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru, mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Vitabu vingi vinaanzia hapo, kana kwamba njia aliyopita ilijichora yenyewe na hapakuwa na mtu aliyeijua. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuthibitisha. Kisha Berlin ikachangisha fedha, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya kule yakaendesha hapa uchimbaji wa visukuku ambao dunia ilikuwa haijaona mfano wake kwa ukubwa. Waliotangulia kuusimamia ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Baadaye wakafuata Hans von Staff, kisha Hans Reck na mkewe Ina.

Ziangalieni tarehe hizo. Vita vya Majimaji vilianza 1905 katika vilima vya Umatumbi, huko huko Kilwa, ndani ya mkoa mnaouwakilisha. Vilizimwa kwa bunduki na kwa kiberiti. Vijiji vilichomwa, ghala zikachomwa, mbegu zikachomwa, na njaa ikamaliza waliobakizwa na risasi. Idadi ya waliokufa, kwa makadirio mbalimbali, ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Vita viliisha 1907. Mwaka 1909 Wajerumani walikuja kuandikisha vibarua wa kuchimba mifupa. Mtu akiniuliza kwa nini wazee wetu walikubali kazi ile, humwuliza yeye angekula nini.

Walianza chini ya mia mbili. Kufikia 1911 walikuwa kama 500, na wengi walikuja na wake na watoto, kijiji kizima kikaota chini ya kilima, mahali ambapo maji wakati wa kiangazi yalifuatwa mbali. Walikata vichaka, wakachimba mahandaki, wakafuata mfupa kwa sululu, kisha kwa jembe, kisha kwa kisu na brashi. Na si wote walikuwa wa kubeba udongo tu. Walikuwapo waliojifunza kuujua mfupa kwa kuugusa, kuutofautisha na jiwe linalofanana nao, kuugandisha kabla haujameguka, kuutoa mzima. Mkuu wao aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa mnyapara, naam, lakini neno hilo halimtoshi. Alikuwa fundi wa visukuku, na nikisema alikuwa fundi wa kwanza wa kazi hiyo katika nchi hii sidhani kama nitapata wa kunipinga.

Hapo ndipo yanapokuja matenga.

Mfupa wa kale ni mzito kama jiwe na unavunjika kama kigae. Kuutoa Tendaguru mpaka bandarini kulitaka ufungaji wa aina yake. Vipande vilizungushiwa udongo au plasta, kisha vikavishwa mianzi iliyopasuliwa, ikapangwa wima kuzunguka mfupa na kukazwa kwa kamba, mpaka ikawa kama ngoma ndefu iliyozibwa, au kama tenga la kuku lisilo na mlango. Naamini ufundi wa kusuka namna ile haukuja kwa meli. Atembeaye vijiji vya kusini leo atauona kwenye matenga, kwenye madema ya kuvulia samaki na kwenye vihenge vya nafaka. Mizigo ilipandishwa vichwani na mabegani, na ile mizito ikabebwa mzegamzega, ikashuka Lindi siku baada ya siku, msafara baada ya msafara. Jumla yake ilizidi tani 200. Kutoka Lindi ikapakiwa merikebuni kwenda Ujerumani.

Mzee mmoja jirani yangu husema babu yake alibeba. Nilimwuliza babu alisema nini kuhusu kazi hiyo. Akafikiri kidogo. “Alisema mzigo wa mawe haupungui njiani. Wa chakula hupungua.” Hiyo ndiyo historia ya mdomo niliyofanikiwa kuikusanya kwa miaka yote, sentensi mbili, na sina hakika kama hata hizo hazikutengenezwa kunifurahisha mwalimu.

Kule Berlin kazi ya kuunga ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Janensch alimpa mnyama nusu ya pili ya jina lake mwaka 1914, na mwaka 1937 kiunzi kikasimamishwa ukumbini, katika siku ambazo bendera za Hitler zilikuwa zimetanda nchi nzima. Kikanusurika na bomu la Februari 1945 lililobomoa upande wa mashariki wa jengo. Kikaishi upande wa Ujerumani ya kikomunisti. Mwaka 2005 paa la ukumbi lilipohitaji matengenezo kilishushwa chote, mfupa kwa mfupa, na mwaka 2007 kikasimamishwa upya na mafundi kutoka Kanada, safari hii kikiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu na zaidi ya mita 22 kutoka kichwa hadi mkia. Hayo nayataja kwa faida ya yeyote atakayewaambia kwamba yule mnyama hagusiki. Amekwisha kuguswa.

Lakini tani zaidi ya 200 si mnyama mmoja. Chini ya ukumbi na kwenye ghala zipo rafu kwa rafu za mifupa ya Tendaguru ambayo watalii hawaioni. Na kwenye rafu hizo, Waheshimiwa, yamo matenga ya mianzi ambayo hayakufunguliwa. Yalifungwa Tendaguru kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yakabebwa vichwani mpaka Lindi, yakavuka bahari, yakawekwa ghalani Berlin, na zaidi ya miaka mia moja ikapita mianzi ikiwa bado imekaza. Fundo lilelile. Sababu si fitina. Mifupa ilikuwa mingi kuliko mikono ya kuisafisha, vita vikaja, fedha zikaisha, wakapita watu na watu.

Niliposoma jambo hili kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa barazani, na nilirudia aya ile kama mara nne. Miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba kila kilichoondoka hapa kimekwisha kuwa cha kule, kimesafishwa, kimepewa namba, kimeandikwa vitabu, na sisi lililobaki ni kuomba. Kumbe kuna mzigo ambao mtu wa mwisho kuuona ndani alikuwa mtu wa Lindi. Yule aliyekaza ile kamba. Baada yake hapana aliyeufungua.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Badala ya kuuliza mjusi arudi lini, simameni mwulize: matenga yale yatafunguliwa wapi, na kwa mikono ya nani?

Napendekeza jibu. Yafunguliwe Tanzania. Yakianza matatu au manne si haba. Yaletwe Dar es Salaam, penye Makumbusho ya Taifa na chuo kikuu chenye idara ya jiolojia, yapewe chumba, na wafunguaji wawe vijana wetu, pamoja na fundi wa Berlin aliyezeeka katika kazi hiyo, akae nao mwaka mzima ikibidi miwili. Na katika vijana hao wawemo wa Lindi, kwa hesabu inayotajwa kwenye mkataba, siyo kwa hisani. Baada ya hapo mifupa ikae nchini. Kama Berlin wanahitaji kuichunguza, waje, au wapelekewe kwa mkopo kama makumbusho yanavyokopeshana.

Nawasikia mnaosema: Mwalimu, umeshusha bei. Watu wanadai ndovu wewe unaomba ngozi. Si hivyo. Haki ya kumdai yule mnyama mzima haifutwi na tenga. Aliondolewa na serikali iliyotutawala kwa mabavu, katika ardhi iliyokwisha kutangazwa kuwa mali ya dola yao, na karatasi walizoandikiana wenyewe kwa wenyewe hazinifungi mimi. Wanaotaka kuendelea kudai waendelee, nami nitaweka sahihi. Lakini nimekaa nikajiuliza, tuseme kesho asubuhi meli imetia nanga pale bandarini na mjusi yumo. Nani atamshusha? Nani ajuaye jinsi pingili ya shingo inavyoshikwa ili isipasuke? Tutawapigia simu Kanada. Tutajenga ukumbi mkubwa, tutakata utepe, na Watanzania ndani yake watakuwa wauza tiketi na walinzi. Tutakuwa tumempata mnyama tumemkosa fundi, na hapo tutakuwa nyuma ya mwaka 1911, maana mwaka 1911 mafundi tulikuwa nao.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko mifupa. Boheti bin Amrani na wenzake walijua. Ujuzi ule haukwenda Berlin ndani ya sanduku. Ulibaki hapa kwenye vichwa vya watu, na ukafa hapa kwa sababu hapakuwa na chumba, meza, wala mwanafunzi. Waingereza nao walikuja kuchimba palepale kati ya 1924 na 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mjini Lindi mwaka 1925. Na katika msimu wake wa kwanza alikuwa na kijana wa miaka ishirini na moja aliyezaliwa Kabete nchini Kenya, anaitwa Louis Leakey, ambaye habari zake za Olduvai mnazijua. Kijana huyo aliondoka Tendaguru akiwa amejifunza kazi, akaenda kuwa mtu mashuhuri. Vibarua waliofanya kazi pembeni yake waliondoka Tendaguru wakarudi kulima muhogo. Sisemi Leakey alimwibia mtu. Nasema shule ilikuwa moja, na waliohitimu walihesabiwa upande mmoja.

Kuna jambo la majina, nalipitia haraka kwa kuwa limekwisha kuandikwa na wengine, ila hamna budi kulijua mkienda mezani. Nusu ya pili ya jina la mjusi, brancai, ni heshima kwa Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho ya Berlin aliyetafuta fedha. Yupo dinosaria mwingine mdogo wa Tendaguru ambaye mwaka 1919 alipewa jina la Dysalotosaurus lettowvorbecki. Ndiyo, ni Lettow-Vorbeck huyo huyo, jenerali aliyepigana Mahiwa Oktoba 1917, ndani ya mkoa wetu, na aliyewaacha watu wa njia zote alizopita bila nafaka wala wapagazi wa kurudi nyumbani. Sheria za wataalamu wa wanyama haziruhusu jina lililotolewa kihalali libadilishwe kwa sababu limechukiza, na mimi sipendekezi mpoteze muda wa Bunge hapo. Majina mengine yamekuja polepole kusawazisha. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa shingo ndefu aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei: Wamwera ni sisi, na Keranje ni Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji wa mifupa ile ya mkia. Mwaka huohuo mnyama kutoka kusini-magharibi mwa nchi, wa zama za baadaye, akapewa jina ambalo sijawahi kulisoma darasani bila darasa kucheka kwa furaha: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto, na pingili zake za mkia zina umbo la moyo. Kabla yake, 2017, palikuwa na Shingopana. Hayo ni majina ya sayansi ya dunia nzima, na bibi yangu angeyaelewa.

Ni vizuri. Lakini kupewa jina ni kuheshimiwa na mtu mwingine. Mimi nataka mtoa jina anayefuata awe amesoma Lindi.

Najua pingamizi zitakazokuja, na baadhi ni za kweli. Watasema tenga likifunguliwa ovyo mfupa unageuka unga. Kweli kabisa. Kazi ile hufanywa kwa vifaa vidogo kama vya daktari wa meno, chini ya darubini, gundi ikipakwa tone kwa tone, na kipande kimoja kinaweza kula miezi. Ndiyo maana nimetaja mwaka mmoja au miwili na si wiki ya semina yenye posho na fulana. Watasema pia siku hizi hakuna haja ya kufungua, kwa sababu skani kama za hospitalini zinaonyesha kilichomo bila kugusa kamba. Vizuri, wapige skani kwanza, watupe picha, tujue lipi lina mfupa imara na lipi lina vipande tu, ndipo tuchague. Na wapo watakaosema, wakiwa na nia njema, kwamba tenga ambalo halijafunguliwa lenyewe limekuwa kitu cha historia, ushahidi wa kazi ya mikono ya Waafrika, na kulifungua ni kuliharibu. Hoja hii ndiyo pekee inayonipa shida. Nimeigeuza usiku na mchana. Jibu langu ni kwamba liachwe moja lisifunguliwe, lirudi hivyo hivyo lilivyo, liwekwe Lindi mjini mahali ambapo msusi wa matenga kutoka kijijini anaweza kuingia bure, akalitazama, akatuambia fundo lile ni la nani. Wataalamu wa kule wamejifunza mengi kuhusu mifupa iliyomo. Sidhani kama wamewahi kumwuliza msusi.

Pamoja na matenga ombeni karatasi: daftari za uchimbaji, orodha za vibarua na malipo yao, picha, michoro ya mahandaki. Hazina uzito, nakala zake zinasafiri kwa intaneti, na hakuna atakayewaambia zitavunjika njiani. Ila ziwe na maelezo ya Kiswahili. Wako watu Lindi wanaoishi na majina ya babu zao ndani ya daftari zile bila kujua.

Wakati ni mzuri kuliko miaka iliyopita. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na wakoloni wa kwao. Mtu akishaomba msamaha, haonewi anapoulizwa jambo moja dogo lililo wazi. Tena hatuanzi sifuri. Mwaka 2000 wanajiolojia wa Berlin na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Tendaguru pamoja. Njia ipo, imeota nyasi tu.

Mniruhusu kisa kimoja. Mwaka 2004 nilipeleka kidato cha nne Tendaguru kwa lori la mfanyabiashara wa korosho, ambaye alitutoza mafuta peke yake. Njia ilikuwa mbaya, tulishuka kusukuma mara tatu, na tulipofika wanafunzi walikata tamaa mara moja. Walitegemea kuona kitu. Pale pana kichaka, kilima kisicho kirefu sana, na mashimo ya zamani yaliyojaa miiba, ambayo usipoonyeshwa utadhani ni ya nguruwe pori. Mwenyeji wetu, mzee wa kijiji cha jirani, aliinama njiani akaokota kipande kilichofanana na gome la mti lililogeuka jiwe, akakilamba ncha kwa ulimi. Kikanata. Mfupa wa kale una vitundu vidogo, hunata ulimini. Jiwe la kawaida halinati. Ni mbinu ambayo wataalamu wa visukuku dunia nzima huitumia, na mzee yule hakuwahi kukaa darasa la mtu yeyote. Nilimwuliza kaipata wapi. Akasema alimwona baba yake akifanya, na baba yake alimwona mwingine.

Msichana mmoja, aliyekaa siku zote dawati la nyuma, akaniuliza: “Mwalimu, kama walimchukua wote, hiki ni cha nani?”

Nilimjibu la kitabuni, kwamba vipande vya juu ya ardhi viliachwa kwa kuwa vilikuwa vidogo, na kwamba kwa sheria vitu vya kale ni mali ya taifa, kwa hiyo mzee akirudishe alipokitoa. Mzee akakirudisha, akakifunika kwa udongo kwa mguu. Msichana hakuridhika, niliona. Leo nadhani alikuwa akiuliza jambo jingine: kama kazi ile ilikwisha au inaendelea. Na ulimi wa yule mzee ulikuwa umeshamjibu kabla yangu.

Na tangu niliposoma habari za matenga nimekuwa nikimfikiria yule aliyekaza kamba ya mwisho kwenye tenga la mwisho. Hakujua linakwenda kukaa miaka mia. Alilifunga kama mtu anayefunga mzigo wa safari ya siku chache, akijua yupo mtu mbele atakayelipokea na kulifungua.

Likija, Waheshimiwa, naomba nialikwe. Sitahitaji kiti cha mbele wala hotuba. Nitasimama nyuma ya wale vijana. Na kama itakuja zamu ya kukata kamba kwa mkasi mbele ya kamera, kama tunavyopenda, mnisamehe nitakapopaza sauti kuwazuia. Kamba zile zilifungwa kwa mkono. Zijaribiwe kwanza kufunguliwa kwa mkono.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Lindi